Chakula kibovu likizoni Lamu: useme au umeze?

Mtu anatoka Nairobi, anasafiri usiku kucha, anafika Mokowe, anavuka kwa boti, anatafuta meza inayotazama bahari, halafu analetewa samaki mwenye shombo. Afanye nini? Wengi wetu tunamla nusu, nusu tunamfukia chini ya wali, na mhudumu akipita akauliza "Chakula kiko sawa?" tunajibu "Sawa kabisa, asante." Tunalipa. Kisha jioni nzima, na siku ya pili kwenye boti, kazi ni kumsema yule samaki kwa kila mtu isipokuwa aliyempika.

Yupo na wa upande wa pili. Huyu hugonga meza, humtaka meneja, hutishia kuwaanika watu mtandaoni, na ukichunguza kisa ni kwamba ameambiwa ugali hakuna.

Mwongozo huu ni wa walio katikati. Nimeuelekeza Lamu kwa sababu huko ndiko ninakofahamu mambo ya jikoni. Malindi mengi ni hayo hayo, na pale yanapoachana nitasema. Rai yangu ni moja: sema mapema, sahani ikiwa bado imejaa, na umwambie mtu anayeweza kurekebisha. Yanayofuata ni namna ya kufanya hivyo bila kuharibu likizo yako wala siku ya mtu mwingine.

Hatua ya 1: Pima kama ni kosa au ndivyo palivyo

Malalamiko mengi ya wageni Lamu hayana mkosaji. Chukua kuchelewa. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza makaani, ndipo apakwe tui zito lenye viungo na ukwaju, arudishwe motoni, apakwe tena. Hiyo si kazi ya dakika kumi. Tena mimi nikiagiza samaki wa kupaka akaja kabla sijamaliza juisi, ndipo huanza kumtazama kwa jicho la pembeni, maana huyo alichomwa mapema akawa ananingoja. Ukiwa na njaa ya sasa hivi, agiza viazi karai, mishkaki, au mahamri na mbaazi, vitu vinavyotoka kila mara.

Kisha kuna menyu. Unaona kambakoche, kaa, ngisi, pweza, na kila unachogusa unaambiwa "Hicho leo hakuna." Mgeni hudhani anafanyiwa mzaha. Lakini tangu Aprili hadi Septemba kusi huvuma, na inapokaza, kati ya Juni na Agosti, bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo havitoki kila siku. Samaki hupungua, bei hupanda. Msimu huo iache menyu mezani, uliza tu: "Leo mmepata samaki gani?" Na ukikuta mahali penye kila kitu katikati ya Julai, jua vingi vimetoka kwenye friza. Friza yenyewe haina ubaya. Tabu ni stima zikipotea saa nyingi, vitu vikayeyuka, vikagandishwa upya. Kuuliza "Huyu ni wa leo au wa friza?" si utovu wa adabu, na mhudumu mwenye kazi yake atakujibu bila kukunja uso.

Chai yenye chumvichumvi nayo isikugombanishe na mtu. Maji ya mji hutoka kwenye visima vya vilima vya mchanga vya kijiji jirani cha Shela, na mara nyingine huja na ladha yake. Agiza dafu.

Ramadhani, mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, na jioni adhana ya Magharibi ikilia mhudumu anafuturu kwanza ndipo arudi kwako. Mngoje. Ijumaa mchana vilevile, watu wako msikitini. Na mikahawa mingi ya Mji Mkongwe haiuzi pombe. Aliyekuja akiitaka aulize hotelini kwake kabla ya kutoka, asije akamgeuzia hasira kijana wa watu.

Malindi kuna jambo moja la pekee. Waitaliano wapo huko tangu miaka ya 1960, kituo cha kurusha setilaiti cha San Marco kilipowekwa Ngomeni, na mikahawa yao ni mingi. Tambi zao hupikwa zikabaki na ugumu kidogo katikati, na ndivyo wanavyozitaka. Sisi tuliozoea tambi laini za sukari, nazi na iliki huona hazijaiva. Zimeiva. Jodari mbichi aliyekatwa nyembamba na kukamuliwa limau pia ndivyo alivyoandikwa kwenye menyu, usimrudishe ukachomewe.

Hatua ya 2: Tenganisha ladha, ahadi na afya

Ukishajiridhisha kwamba kuna kosa, jiulize ni la namna gani, kwa sababu kila moja lina dawa yake.

Kosa la ladha ni chumvi kuzidi, wali kuwa bokoboko, pweza mgumu asiyetafunika, mkate ulioungua chini. Hakuna atakayeugua. Hapa una hiari: kama ni mlo wa bei nafuu na njaa inaisha, acha ipite. Kama umelipia mlo wa maana, sema.

Kosa la ahadi ni kupewa kitu tofauti na ulichoagiza. Uliagiza samaki nguru ukaletewa samaki taa. Uliambiwa kamba kwa wingi ukaona watatu juu ya mlima wa chipsi. Bei imebadilika kati ya menyu na bili. Hapa sema bila wasiwasi, kwa sababu hubishani kuhusu ulimi wako, unataja kilichoandikwa au kilichosemwa.

Kosa la afya halina mjadala. Hili nitalikalia kidogo kwa sababu ndilo watu hulimeza kwa heshima.

Samaki aliyelala hujulikana kabla ya kuonjwa. Akiwa mzima, tazama jicho: la aliyevuliwa karibuni limejaa, la aliyekaa limebonyea. Hata baada ya kupikwa, nyama ya samaki mzuri hubanduka kwa mapande yenye umbo. Ya aliyelala huvurugika kijiko kikiigusa tu. Harufu ya bahari ni sawa. Shombo kali linalopanda puani hata kupitia ndimu na pilipili si sawa, na ndimu nyingi kupita kiasi wakati mwingine huwekwa kwa kazi hiyo.

Lakini yupo samaki anayekudhuru bila kunuka. Samaki wanaoitwa jodari, nguru na una, na jamaa zao, wakiachwa juani bila barafu, bakteria hutengeneza kitu kiitwacho histamini ndani ya nyama, na moto hauiondoi, uchome upendavyo. Dalili ya kwanza mara nyingi iko mdomoni: ulimi unawasha kama wa pilipili, na pilipili haikutiwa. Kisha, baada ya dakika chache hadi saa moja au mbili, uso unakuwa mwekundu na wa moto, kichwa kinauma, ngozi inatoka vipele, moyo unakwenda mbio. Wengi husema "nina aleji ya samaki" na kumwacha samaki maisha yao yote, kumbe samaki yule mmoja tu ndiye hakuwekewa barafu. Ulimi ukiwasha hivyo, acha papo hapo, na wenzako kwenye sinia waache.

Wali nao una mambo yake. Pilau au biriani iliyopikwa asubuhi, ikakaa sufuriani vuguvugu hadi alasiri, huotesha bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemka. Sumu yao haitoki hata wali ukipashwa moto tena, na kutapika huanza ndani ya saa moja hadi sita. Kipimo cha haraka: wali ulioko kwenye sufuria kubwa ya mkahawa ufunuliwe utoe mvuke. Ukija mezani wa baridi katikati na moto pembeni, huo umepashwa. Mchuzi wa nazi ukichacha unajijulisha wenyewe, kwa uchachu wa maziwa yaliyoganda na vipovu pembezoni. Kuku mwenye damu kwenye mfupa arudi motoni, hata kama nje ameungua.

Hatua ya 3: Weka kijiko chini

Hili ni fupi lakini ndilo linaloamua yote. Ukionja ukaona kuna kasoro, usiendelee "kuhakikisha." Tonge la pili latosha kuhakikisha. Ukirudisha sahani yenye miiba mitupu na kusema alikuwa ameoza, hata mimi nisingekuamini.

Piga picha moja ukiwa umekaa, bila kuinua simu juu kama unayemrekodi mwizi. Huenda usiihitaji kamwe.

Hatua ya 4: Chagua wa kumwambia

Mhudumu ndiye aliye karibu, lakini mara nyingi ni kijana asiye na uwezo wa kuamua chochote, na kuna sehemu ambako sahani ikirudi gharama hukatwa kwenye malipo yake. Ndiyo maana wengine hukubishia: hawateti samaki, wanatetea siku yao ya kazi. Kwa hivyo maneno yako yampe njia ya kulipeleka jambo jikoni bila yeye kuonekana mkosaji.

Anza na salamu. Najua una njaa na umeudhika, lakini ugomvi mwingi wa wageni wa bara na wahudumu wa pwani huanza hapo, kwa mtu kufungua mdomo na lawama kabla ya "Habari za kazi?" Kisha sauti iwe ya watu wawili. Meza za mikahawa ya ufukoni zimebanana, na Lamu mji ni mdogo: huenda anayekuhudumia ni ndugu wa nahodha atakayekupeleka kisiwa cha Manda kesho, na mpishi ni jirani wa mwenye nyumba uliyolala. Neno la aibu mbele za watu hukufuata hadi gatini.

Mazungumzo yanayofaa huwa hivi:

"Kaka, habari za kazi? Samahani, sogea kidogo. Huyu samaki naona ana shombo. Hebu mnuse mwenyewe."

"Lakini ni wa leo, dada."

"Huenda, sikatai. Ila mimi simuwezi. Mpelekee mpishi amtazame. Kama kuna samaki aina ya changu niletee huyo, kama hakuna, wali na mbaazi unanitosha."

Angalia yaliyomo. Hakuitwa mwongo. Ameombwa anuse, na akishanusa amekuwa shahidi. Ameelezwa unachotaka, na amepewa njia mbili za kutoka. Ukisema "Samaki wenu ameoza" umemwachia njia moja tu, ya kukataa.

Mkahawa ukiwa mdogo, wa mama anayepika mwenyewe, usimtume mtoto. Inuka uende kwake jikoni au kwenye kaunta, mwite mama au shangazi kulingana na umri wako, uzungumze naye hapo. Wapishi wa namna hii wana fahari na chungu chao na wengi hukushukuru. Nilimwona mmoja, nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya Mji Mkongwe, akiambiwa na mteja mzee kwamba mchuzi umechacha. Hakujibu. Aliosha kidole, akachovya, akaramba, akafunika sufuria kwa sahani ya bati, akamwambia kijana wake, "Mwaga." Waliokuwa wakingoja wote wakaletewa maharagwe ya nazi, wakalipa bei ya maharagwe.

Kwenye hoteli kubwa, za Shela au za ufuo wa Malindi, mtu wako ni meneja wa zamu. Mwombe kwa upole, umweleze kwa sentensi mbili. Na kama umelipia malazi pamoja na milo, sema siku ya kwanza. Anayengoja hadi asubuhi ya kuondoka ndipo ataje vifungua kinywa vyote vilivyomkera huwa amewanyima nafasi ya kurekebisha, na jibu atakalopata ni pole. Aliyelipa kifurushi kizima kwa wakala wa Nairobi au Mombasa amtumie wakala ujumbe siku hiyo hiyo pia, kwa maandishi, kwa sababu pesa ziko kwake.

Hatua ya 5: Omba kitu kimoja

Watu hukwama hapa. Wamelalamika, wamesikilizwa, wameulizwa "Sasa nikusaidieje?" wakabaki "Basi tu, nilitaka mjue." Amua kabla ya kumwita mhudumu.

Kisichoiva kirudi motoni. Kilichoharibika kibadilishwe au kitolewe kwenye bili. Ulicholetewa kimakosa kiondolewe, kije ulichoagiza. Chumvi ikizidi, omba wali mweupe wa ziada, mara nyingi hutolewa bure na tatizo linakwisha bila samaki kurudi jikoni. Oda ikichelewa mno, uliza kama imeanza kupikwa. Kama bado, unaweza kuifuta na kuondoka kwa amani, kama samaki yuko makaani, mngoje.

Yasiyo haki pia yapo. Kula yote kisha kudai bure. Kudai meza nzima isilipe kwa sababu ya sahani moja. Na hili la siku hizi, la kumwambia mtu "Usiponipunguzia nakuandika," hilo ni kumtisha mtu kwa pesa, na wenye mikahawa wanalijua vizuri kuliko unavyodhani.

Wakikataa kabisa? Chakula kikiwa cha hatari usikile kwa sababu utakilipia. Lipa ulivyovila na kunywa, eleza kwa nini hulipi sahani ile, na uache jina na namba yako kama wanataka kulifuatilia. Wakishikilia na wewe una boti ya kupanda, lipa, chukua risiti, mambo mengine utayafanya ukiwa umetulia. Usiondoke kimyakimya bila kulipa. Hapo kesi inageuka kuwa yako.

Hatua ya 6: Soma bili

Ugomvi wa bili Lamu na Malindi nauona mwingi kuliko wa chakula chenyewe, na karibu wote ungezuiwa kabla ya kuagiza.

Wa kwanza ni kambakoche. Menyu husema "bei ya soko" au bei kwa kilo, mgeni anaagiza, bili inakuja ya kumfanya avue miwani. Kabla hajapikwa, omba umwone kwenye mizani, uulize ni uzito gani, bei ya kilo ni ngapi, na jumla itakuwa ngapi. Fanya hivyo kwa kaa na samaki mzima pia. Jibu likiwa "Usijali, tutaelewana," mwache abaki ndani ya ndoo.

Wa pili ni nyongeza. Mikahawa iliyosajiliwa hutoza VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na mingi huongeza asilimia 10 ya huduma. Swali ni kama bei ya menyu tayari inazo ndani. Kama hazimo, samaki wa shilingi 1,500 anaongezewa 240, 30 na 150, anafika 1,920. Huo si wizi kama menyu imesema, hata kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Kama haikusema popote, uliza. Omba menyu irudishwe mezani, weka kidole kwenye mstari, nyamaza. Kidole hufanya kazi kuliko hotuba.

Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina la biashara linalotokea kabla ya kukamilisha malipo, na uhifadhi ujumbe. Kukiwa na lolote baadaye, huo ndio ushahidi wako wa siku, saa na kiasi.

Bakshishi ni hiari yako, lakini kijana aliyebeba malalamiko yako jikoni na kurudi na sahani nyingine huku akitabasamu, mpe. Samaki hakumpika yeye.

Hatua ya 7: Kama chakula ni cha botini au cha nyumbani kwa mtu

Safari ya mashua kwenda Manda au Matondoni huja na mlo: "samaki mtakayemvua wenyewe," wali, saladi. Mambo matatu yaulizwe gatini kabla ya kupanda. Tusipovua chochote tutakula nini? Maji ya kunywa analeta nani? Kuna barafu kwenye kasha? Hili la mwisho rudia ulivyosoma kuhusu jodari. Lipa sehemu, nyingine baada ya kurudi. Ukiwa na neno juu ya chakula, mwambie nahodha mkiwa mmekaa mchangani, mmeshiba au hamkushiba. Mkondo wa Mkanda, mikoko pande zote na maji yanapwa, si mahali pa kugombana na mtu aliyeshika usukani.

Na kijana akikufuata ufukoni akikuahidi "chakula cha Kiswahili cha nyumbani" usiku, akitaka pesa kwanza akanunue kamba, mjibu kwa heshima kwamba utalipa chakula kikiwa mezani. Wapo wapishi wa kweli wa nyumbani, tena wazuri kuliko mikahawa. Mwombe mwenye nyumba uliyofikia akuelekeze kwao. Aliyechukua pesa akatoweka hana sahani ya kurudisha.

Hatua ya 8: Ukiugua

Acha malalamiko kwanza, shughulikia mwili. Duka la dawa lina pakiti za ORS, unga wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji na chumvi mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe kidogokidogo. Kuharisha damu, homa kali, kutapika kila kinachoingia, mkojo kukatika, au mtoto mdogo kulegea, hayo ni ya hospitali bila kungoja asubuhi. Kupumua kwa shida au uso kuvimba, mbio. Lamu mjini kuna hospitali ya kaunti ya King Fahd, Malindi kuna hospitali ya serikali mjini. Mwambie daktari ulikula nini na saa ngapi, na kama ni jodari taja jodari.

Usipande basi ukiwa hivyo. Kutoka Mokowe hadi Malindi ni mbali, na dereva hasimami kila unapotaka. Kwa sababu hiyo hiyo, usiku wa kuamkia safari mimi sijaribu kitu kipya: mkate, mayai yaliyoiva sawasawa, chai.

Ukishapata nguvu, sema. Kutoa leseni na kukagua wanaouza chakula kwa umma ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya 2010, na anayeifanya ni afisa wa afya ya umma. Nenda ofisini kwake au umpigie kupitia hospitali, ukiwa na risiti, picha, jina la mahali, saa na dalili. Mmeugua wengi meza moja, nendeni wote. Haki yenyewe iko Ibara ya 46 ya Katiba hiyo: mtumiaji anastahili bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, afya yake ilindwe, na afidiwe akidhurika kwa kasoro zake. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Hoteli na mikahawa ya kitalii inasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, nao hupokea malalamiko. Kwa wali uliochacha tu sikushauri uende mbali hivyo. Kwa watu kulazwa, nenda.

Hatua ya 9: Kuandika mtandaoni

Andika baada ya kuwapa nafasi, si kabla, na usiandike usiku ule ule. Taja ulichoagiza, kilichokuja, ulichosema na walichofanya. Taja mwezi, kwa sababu mkahawa wa Agosti na wa Januari si mmoja. Usimtaje mhudumu kwa jina wala kumweka picha. Usiandike "walinipa sumu" kama hukupimwa, andika "nilitapika saa tatu baadaye." Na kama walimtoa samaki, wakaleta changu wa makaa bila neno, hilo liwe sentensi ya kwanza.

Wakati wa kunyamaza

Kuna meza ambazo hatua zote hizi hazihusiki. Mama wa kibandani anayeuza wali na mchuzi kwa bei ya kuwasaidia wavuvi na wachukuzi, akakosea chumvi, hakudai lolote kwako. Mwenzako aliyengoja safari hii mwaka mzima na anakula kwa raha, usimwambie pweza wako ni mgumu, hamisha mazungumzo. Na ukialikwa nyumbani kwa mtu, ukakaa jamvini, sinia ikawekwa katikati na mwenyeji akakusogezea kipande kikubwa, hiyo si biashara. Kula kidogo upande wako, sifu achari, na kikiwa kweli kimeharibika mnong'oneze mwenyeji wa jinsia yako pembeni, kabla watoto hawajafika.